Kabla ya mashine: Glasgow, Wajir na soko la akina mama

Leo naweka programu pembeni kidogo tuongee historia.

Shuleni tulifundishwa kwamba injini ya mvuke ndiyo iliyoleta mapinduzi ya viwanda Uingereza. Siku hizi naona hadithi hiyo inaanzia katikati. James Watt alikuwa fundi wa vifaa vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Alipopewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze, akakwama, aliweza kwenda kuzungumza kuhusu joto na profesa Joseph Black. Fundi na profesa meza moja! Tayari kulikuwa na sheria ya hataza ya 1624, na Royal Society tangu 1660. Joel Mokyr, aliyepata Nobel ya uchumi 2025, hoja yake ni hiyo: fikra zilitangulia, mashine zikafuata.

Sasa twende Wajir. Huku pia fikra zilitangulia, ila zilikuja kufunga mlango. Sheria ya wakoloni ya 1902 iliruhusu wilaya kufungwa, na kaskazini ikafungwa. Kuingia mpaka kibali. Uhuru ukaja na vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ukasema pesa ziende kwanza penye mvua, ardhi nzuri, barabara na umeme. Mimi mprogramu nikiusoma naona lupu isiyo na pa kutokea: hakuna barabara kwa sababu hakuna pesa, hakuna pesa kwa sababu hakuna barabara.

Kinachonigusa zaidi ni soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mapigano ya koo yaliingia mpaka sokoni Wajir, wanawake wa ukoo huu wakakataa kuwauzia wa ukoo ule. Akina mama wa koo mbalimbali, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, wakakaa pamoja, wakaunda kamati ya kuangalia kwamba yeyote anaweza kuuza na kununua. Kisha wakawaendea wazee, na 1993 likapatikana Azimio la Al Fatah. Mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa katika mfumo wa serikali wa maendeleo ya wilaya. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011.

Utaniuliza, viwanda viko wapi? Bado ni vichache, sikatai. Lakini fikiria kiwanda cha maziwa ya ngamia. Maziwa hayangoji, na mifugo inahamahama kufuata malisho. Lazima upokee kutoka kila upande, kila asubuhi, bila kuuliza mtu ni wa ukoo gani. Hilo halinunuliwi pamoja na mashine, na wale mama walilianza bila hata senti ya mwekezaji.

Umeme ni habari nyingine. Nikipata nafasi nitaandika kuhusu mitambo ya jua ya Garissa, megawati 50, iliyozinduliwa Desemba 2019. Hapo kuna hesabu tamu.