Mau: picha za setilaiti zinasema nini?

Kila kampeni swali ni lile lile: nani alimaliza msitu wa Mau? Nimekulia Njoro, nimesikia kila upande ukiapa.

Tuanze na picha. Landsat ya kwanza ilirushwa 1972. Tangu 2008 picha zake ni za bure. Linganisha Mau Mashariki ya 1986 na ya 2000: kijani kizito kimeshakuwa viraka vya mashamba.

Sasa angalia tarehe. Serikali iliondoa rasmi zaidi ya hekta 35,000 hapo 2001. Yaani miti ilianza kuanguka kwanza, karatasi ikafuata.

Picha haionyeshi nani aliruhusu. Kwa hivyo ukisikia lawama zote zikitupiwa mkulima mwenye ekari tano, uliza: nani alimgawia?