Bahari Saba za Upande Mweusi

Tarehe 8 Machi 1974, miaka kumi na wiki chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ilitoka Uingereza santuri ya pili ya kundi la Queen, ikaitwa Queen II basi. Pande zake hazikuitwa wa kwanza na wa pili, bali mweupe na mweusi. Mweupe ulikuwa wa mpiga gitaa Brian May, ila wimbo mmoja wa mpiga ngoma Roger Taylor. Upande mweusi, nyimbo sita zote, ulitungwa na mzaliwa wa Unguja.

Huyo ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika nyumba ya Waparsi, wafuasi wa Zoroasta. Babake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Angali mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, Bara Hindi, na huko akajifunza piano. Alirejea Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata familia ikahamia Feltham, kando ya London. Jina la Freddie Mercury alijipa mwenyewe.

Visiwani ametajwa zaidi kwa ugomvi kuliko kwa nyimbo. Mwaka 2006, sherehe iliyokusudiwa ya kutimiza miaka sitini tangu azaliwe ilipingwa hadharani kwa hoja za dini na maadili. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, na wageni wakapiga picha mlangoni. Wanaomkataa na wanaomuuza wamelingana kwa jambo moja: aghalabu hawakumsikiliza. Na wa kusikilizwa yumo katika upande mweusi.

Upande huo hufunguka kwa vita vya mazimwi, sauti zikiwa zimegeuzwa nyuma mbele kwenye utepe. Zimwi si mgeni kwa mtoto yeyote wa pwani aliyelala kwa hadithi za bibi. Wimbo unaofuata umetokana na mchoro wa Richard Dadd, Mwingereza aliyeuchora akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtunzi aliutazama mchoro huo katika jumba la Tate, akaugeuza maneno na mwendo wa piano. Kisha yaja maandamano ya malkia mweusi, wimbo wa zaidi ya dakika sita usiokubali kukaa katika bahari moja. Tena hapa bahari ni ile ya washairi, si ya maji. Waimbaji ni watatu tu, Mercury, May na Taylor, lakini sauti zimerundikwa juu ya sauti hata wakawa kwaya nzima. Roki nzito imejengwa kwa ustadi wa mtarizi wa kofia: tundu kwa tundu. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza waliona ni makeke matupu. Mwaka 1975 ulipotoka Bohemian Rhapsody, dunia ikastaajabu. Aliyeusikia upande mweusi hakuwa na sababu ya kustaajabu.

Wimbo wa mwisho, Seven Seas of Rhye, ulikuwa umeachwa kipande bila ya maneno mwishoni mwa santuri ya kwanza ya mwaka 1973. Safari hii ulikamilika, ukafika nafasi ya 10 Uingereza, wa kwanza wao kuvuma. Santuri yenyewe ikafika ya 5. Rhye ni nchi ya kubuni, na mwenyewe alisema hivyo. Atakaye kuigeuza Rhye iwe Unguja humnyang'anya mtunzi haki yake ya kwanza, haki ya kuumba nchi isiyokuwepo. Hata hivyo, bahari saba ni maneno yasiyohitaji kutafsiriwa kwa mtu wa pwani.

Wimbo unapokwisha, magitaa hufifia, na kundi zima husikika likiimba kwa furaha, kama walevi wa sikukuu, wimbo mkongwe wa Waingereza kuhusu raha ya kuwa kando ya bahari. Kisha nao hupotea.