Kolamu Iliyosahauliwa Detroit

Wasomaji wangu, leo sina habari za simu mpya. Nataka tuongee kuhusu nyumba zilizoachwa tupu Detroit, Marekani, maana kisa chake kinatuhusu sana sisi tunaotengeneza fomu na hifadhidata.

Mwaka 1950 mji huo wa magari ulikuwa na watu takriban 1,850,000. Kufikia 2010 walibaki 713,777. Hebu piga hesabu ya nyumba! Halmashauri ikafilisika 2013, na hakuna aliyejua kwa hakika jengo lipi lina watu na lipi limeachiwa popo. Ndipo majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014, wakazi wapatao 150 walipopita mtaa kwa mtaa kwenye theluji wakiwa na tableti. Programu yao, Blexting, ilikuwa rahisi ajabu: simama mbele ya kiwanja, piga picha, jibu maswali machache (kuna mtu? limeungua?), tuma. Viwanja karibu 380,000! Mnaoikumbuka Ushahidi ya 2008 mtauona undugu hapo.

Ripoti ilitoka Mei 2014. Majengo 40,077 yalihesabiwa kuwa mabovu, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa tingatinga.

Sasa tulieni kidogo. Fomu ile iliuliza hali ya jengo tu; historia yake haikuwa na kolamu. Wahifadhi wa majengo ya kale walikuwa wameliona pengo hilo mapema. Walichukua programu ileile wakaweka maswali yao: sura ya asili ipo? Nyumba za jirani bado zimesimama? Kwa wiki 2 hivi, watu wa kujitolea walikagua majengo zaidi ya 17,000, kila moja likapata alama ya kusomwa kando ya ile ya ubovu. (Hiyo kwangu ndiyo kazi safi kuliko yote katika kisa hiki.)

Mwaka huohuo mamlaka ya ardhi ya mji ilianza kunadi nyumba kwenye tovuti, bei ya kuanzia dola 1,000. Si za bure lakini: mshindi alipewa miezi 6 kuikarabati na kuhakikisha ina wakazi. Boston-Edison, mtaa alioishi Henry Ford, ulikuwamo mnadani.

Tingatinga nazo hazikulala. Tangu 2014 zimebomoa nyumba zaidi ya 15,000. Baadhi zimebaki picha tu, iliyopigwa na mtu aliyesimama kwenye theluji.