Mchicha wa Nyuma ya Nyumba

Mei 1972, mjini Iringa, TANU ilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Miaka miwili baadaye, ukame ukiwa umekausha mashamba na bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani, kaulimbiu ikawa kali zaidi: Kilimo cha Kufa na Kupona. Hata mfanyakazi wa mjini aliambiwa ashike jembe.

Sisi tunaosoma historia tunayajua maazimio hayo kwa tarehe. Tusichokijua vizuri ni kilichoota nyuma ya nyumba.

Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, maduka ya Dar es Salaam yalibaki na rafu tupu, na mshahara ukawa hauvuki wiki mbili. Hapo ndipo mchicha ulipofanya kazi ambayo mshahara ulishindwa. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga ili zisirundikane zinapomwagwa. Wiki tatu au nne, mboga iko jikoni. Pembeni yake panapandwa tembele, ambalo halihitaji hata mbegu: kipande cha shina kinatosha. Kwenye uzio, mihogo hutoa kisamvu.

Bustani ya namna hiyo ina kalenda yake. Masika tuta huinuliwa ili maji yapite. Mvua ikizidi, mchicha huoza na bei sokoni hupanda. Kiangazi tuta hushushwa ili lishike maji machache ya ndoo, mara nyingi yale yaliyokwisha kuoshea vyombo au mchele. Vuli zikija, kunde huanza upya, na majani yake huchumwa kabla hata hazijatoa maganda. Aliyeijua kalenda hiyo hakukosa mboga mwaka mzima. Mara nyingi alikuwa mama wa nyumba, na hakuna aliyemwandikia ripoti.

Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini wakalime. Serikali ilikuwa inawasafirisha watu kwenda kutafuta kilimo, ilhali jiji lenyewe lilikuwa limelimwa, uani, mabondeni na kandokando ya reli. Kilimo hicho hakikuitwa kazi kwa sababu hakikuwa na kitambulisho wala mshahara.

Ndiyo maana naona tunaiandika vibaya historia ya miaka ile. Tunauliza nchi iliponaje, kisha tunapekua hotuba. Wanaoweza kujibu wamezeeka, na nyua zao nyingi sasa zimefunikwa kwa vitofali vya saruji. Kama bibi yako aliishi mjini wakati huo, usimuulize alikuwa anafanya kazi gani, huenda akajibu, "Nilikuwa nakaa nyumbani tu." Muulize alipanda nini, wapi, na maji aliyatoa wapi. Kisha andika.