Udongo Ulioingia Mafuta: Kutoka Thange hadi Buyenzi

Historia ya mafuta Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa kufuata bandari, mabomba na bei. Udongo ulioyanywa mafuta hayo hausemwi sana. Katika insha hii nauliza: mafuta yakishaingia ardhini, udongo usafishwe vipi, na nani alipe? Naanza na Kenya, ambako swali hili lilifika mahakamani, kisha narudi kwetu Bujumbura.

Bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwezi Mei 2015 wakazi wa Thange, katika kaunti ya Makueni, waliona mafuta kwenye mto wao. Maji na mashamba yalichafuka. Mwenye bomba alijulikana tangu mwanzo. Hata hivyo, ilipita miaka 10 ndipo mahakama, mwaka 2025, ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 3.8.

Njia za kushughulikia udongo wa namna hii ni chache. Ya kwanza ni kuuchimba na kuuzika kwingine. Ni ya haraka, lakini shimo lisipojengwa vizuri, uchafu umehama tu. Ya pili ni kuuchoma kwa joto kali. Husafisha vizuri, ila hudai tanuri na nishati nyingi, na katika mji ambao magari hupanga foleni ya mafuta siku nzima, njia hiyo ni ndoto. Ya tatu ni kuutandaza udongo, kuuchanganya na samadi, kuulima na kuunyeshea ili bakteria wayale mafuta. Wazo hilo lilijulikana sana baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta ghafi Alaska mwezi Machi 1989, mbolea ilipotumika ufukweni kuwalisha bakteria waliokuwamo tayari.

Je, samadi ingetosha Buyenzi? Mtaa huu wa Waswahili, uliopangwa zama za Wabelgiji, ni maarufu kwa mafundi wake wa magari. Gari hutengenezwa kando ya njia, na kinachomwagika hubaki chini. Esansi huruka hewani upesi. Mazutu huliwa na bakteria. Oili chakavu ni tatizo kubwa zaidi: huoza polepole na hubeba metali ambazo bakteria hawawezi kuzila. Pia esansi ya Afrika yetu ilitiwa risasi hadi karibu mwisho wa 2005, kwa hiyo udongo wa zamani wa gereji unaweza kuwa na risasi hadi leo. Udongo wa aina hiyo hautibiwi kwa samadi. Ni lazima uchimbwe na kufungiwa kwenye shimo la saruji.

Ukiachwa, mvua huubeba hadi mto Ntahangwa, na Ntahangwa humwaga katika Ziwa Tanganyika. Humo REGIDESO huchota maji tunayokunywa, na maji ya ziwa hilo huchukua mamia ya miaka kubadilika.

Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, una kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kwa Thange kanuni hiyo ina mtu wa kumshika. Kwa Buyenzi haina. Waliochafua ni mafundi wengi wa vizazi kadhaa, wengine wamekwisha kufa, na walio hai hawana uwezo wa kulipia hata lori moja la udongo.

Kwa maoni yangu, gharama hiyo isiwekwe juu ya fundi. Itolewe kwenye kila lita ya mafuta inayouzwa, kwa kuwa sote tunaopanda gari tumechangia. Fedha hizo zinunue kwanza mapipa ya kukusanyia oili chakavu, kisha zipime udongo, uliochafuliwa na mazutu utiwe samadi na wenye metali ufungiwe. Kusafisha kabla ya kuzuia ni kuteka maji kwa pakacha.