Simtaji Jina, Ila Huyu Mzee Alizeeka na Usonji Mji Mzima Ukimlinda

Wadau, leo simtaji mtu jina. Vitabu vya udaktari vilimficha kwa zaidi ya miaka 60, vikamwita Kesi ya Kwanza, na sisi tumuite hivyo hivyo.

Alizaliwa 1933 kwenye kamji ka Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Dogo alikuwa wa peke yake. Ukimuita haitiki, anapenda kuzungusha vitu, ukibadilisha ratiba yake anawaka. Akiwa na miaka 3 akapelekwa kituoni, mbali na nyumbani. Wazazi roho ikawauma, wakamrudisha. Baba yake akamwandikia daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins barua ya kurasa 33, yani kila kitu kuhusu mwanae.

Mwaka 1943 Kanner akachapisha habari za watoto 11 wa aina hiyo. Dogo wetu ndo wa kwanza kwenye orodha. Hapo ndipo usonji tunaoujua leo ulipoanza kueleweka.

Sasa sikia utamu. Alipelekwa kuishi kwa mkulima mmoja na mkewe. Kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu, hawakumkataza. Wakamwambia ahesabu mistari ya mahindi huku analima! Akasoma hadi chuo, akamaliza 1958, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akazunguka nchi kibao. Waandishi walipoenda kumtafuta uzeeni, majirani waliwachimba mkwara: mkimuumiza huyu, tutawafuata. Alifariki 2023 akiwa na miaka 89. Usonji haukuisha. Mji ndo ulimzoea.

Wenzake hawakuwa na bahati hiyo wote. Kanner alipowafuatilia mwaka 1971, alikuta baadhi yao wameishia kwenye hospitali za serikali, wamefifia kabisa.

Kwa nini nakuletea hii? Kwa sababu mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliuweka usonji kama hali inayojitegemea mwaka 1980. Mtu mwenye miaka 65 leo, wakati huo alikuwa tayari mtu mzima. Nani angempima? Wengi walipewa majina mengine: mkali, ana kiburi, ana maringo, mchawi hata.

Fikiria babu yako asiyependa harusi, anayekula sahani ile ile, anayekariri namba za mabasi ya zamani. Sisemi ana usonji, mimi siyo daktari. Ila tofauti moja ishike: usonji unakuwepo tangu utotoni. Kama mzee kabadilika juzi juzi, anasahau na kupotea njia, hilo ni jambo lingine, muwahishe hospitali.

Na mara nyingi hali inajitokeza akistaafu, akifiwa na mwenza au akihamishiwa kwa watoto mjini, maana ratiba yake imevunjika. Hapo usimzomee. Mwambie mapema kama wageni wanakuja. Punguza sauti ya redio. Usimlazimishe akuangalie usoni. Mkienda kliniki muandikie maelezo kwenye karatasi, na mueleze daktari alivyokuwa tangu zamani.

Kesi ya Kwanza alipata watu waliomwacha ahesabu mahindi. Mzee wa kwenu kapata nani?