Mwenye fimbo asiwe mwenye sikio

Wadau, leo naomba tuongee kuhusu watoto wa kiume. Nikitumwa kuandika habari za shule, mhariri huniuliza mambo matatu: ufaulu umekuwaje, madawati yapo mangapi, na mkuu wa mkoa amesema nini. Hili sijawahi kuulizwa: mvulana wa kidato cha pili akiwa na jambo linalomtafuna moyoni, pale shuleni anamwendea nani?

Swali hilo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo kwenye shule za wavulana za Kanisa Katoliki. Nitaanzia nyumbani, Usukumani, upande wa Sola, mkoa wa Simiyu. (Kwa wale wa Dar ambao bado mnatafuta kwenye ramani: Simiyu ni mkoa mpya, ulizaliwa 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu ni Bariadi.)

Kabla ya shule, mvulana wa Kisukuma alilelewa shikome. Shikome ni ule moto wa jioni nje ya nyumba, wanaume na wavulana wameuzunguka. Hapo alijifunza habari za ukoo, ng'ombe, vitendawili na heshima. Lakini tazameni mgawanyo wa kazi katika ule mji. Fimbo ilikuwa ya baba. Babu alikuwa mtani. Mjukuu aliweza kumwambia babu neno ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya baba yake, na babu akalitafutia njia ya kulifikisha. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, ila kila mtu aliijua.

Kisha wakaja wamisionari. Mapadre Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883. Mwaka 1946 wakafuata Wamarekani wa shirika la Maryknoll, wakianzia Musoma, na baadaye kazi yao ikaenea hadi huku kwetu. Jimbo la Shinyanga lilipoundwa mwaka 1956, askofu wake wa kwanza, Edward McGurkin, alikuwa mtu wa Maryknoll. Mvulana aliyefaulu akaondolewa shikome akapelekwa bweni.

Mabweni hayo mnayajua kwa majina. St. Mary's ya Tabora, ambako Nyerere alianza kufundisha baada ya kutoka Makerere. St. Francis ya Pugu, alikofundisha aliporudi kutoka Edinburgh, mpaka 1955 alipoacha chaki akaingia TANU moja kwa moja. Mkapa naye alipita seminari ya Kigonsera, kisha Pugu. Tukizungumzia shule hizi huwa tunasifia vitabu, kengele na Kiingereza. Kuna kitu kingine kilikuwamo ambacho hatukisemi.

Mwaka 1917 Kanisa lilitoa mkusanyiko wa sheria zake. Kanuni ya 1358 ilitaka kila seminari iwe na gombera kwa ajili ya nidhamu, walimu kwa ajili ya masomo, mtunza mali, waungamishi wasiopungua wawili, na mlezi wa kiroho. Kila kazi na mtu wake. Kanuni ya 1361 iliongeza kwamba likija suala la mseminari kupewa daraja au kufukuzwa, kura ya muungamishi isiombwe kamwe. Sheria mpya ya 1983 ikaenda mbele zaidi. Katika kanuni ya 240 imemwingiza na mlezi wa kiroho kwenye katazo hilo, na kanuni ya 985 inasema gombera asiungamishe wanafunzi anaoishi nao nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake.

Tukiitafsiri kwa lugha ya mtaani: mwenye fimbo asiwe mwenye sikio. Mtu mwenye uwezo wa kukufukuza si mtu utakayemfungulia moyo, na aliyefunguliwa moyo asiitwe kwenye kikao cha kukufukuza. Babu wa shikome angeielewa sheria hii bila kusomewa.

Ni kweli kanuni hizi ziliandikwa kwa ajili ya seminari, si kwa sekondari za kawaida. Lakini mapadre walioendesha sekondari walikuwa wamelelewa chini yake. Na kijana Mkatoliki aliyekwenda kuungama alijua kwamba padre haruhusiwi kutoa siri ile kwa yeyote, hata kwa mkuu wa shule.

Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969. Serikali ikazichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku, seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Naomba nieleweke hapa. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Nchi isingeweza kujengwa wakati mlango wa sekondari nzuri unategemea ulibatizwa wapi. Mtoto wa Kiislamu aliyeingia Pugu baada ya hapo hakuwa anaomba hisani, alikuwa anaingia shule ya nchi yake.

Ila tuangalie kilichohamishwa. Majengo, walimu, mitaala, viwanja vya mpira, vyote vilikabidhiwa. Kazi ya yule mzee wa kusikiliza haikukabidhiwa kwa mtu. Padre akabaki mgeni wa kipindi cha dini, anakuja na pikipiki na kuondoka. Wanafunzi wakajaribu kuziba pengo wenyewe: Wakatoliki na TYCS yao, Waprotestanti na UKWATA, Waislamu na TAMSYA. Vikundi hivyo vimewasaidia wengi na naviheshimu. Lakini kijana wa miaka 17 kumlea mwenzake wa miaka 15 si sawa na wote wawili kuwa na mzee.

Fimbo, kwa upande wake, haikupotea njiani. Ilitungiwa kanuni mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, na kanuni hizo zikabadilishwa 2002: viboko visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye achape au amteue mwalimu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Yaani fimbo ina idadi, ina msimamizi na ina kumbukumbu. Na hata hivyo Oktoba 2016 tuliona video ya walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi wa Mbeya Day, na Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi kule Bukoba alifariki baada ya kuchapwa shuleni. Kama chenye daftari kinavunjwa namna hiyo, mnadhani hali ikoje kwa kusikiliza, kusiko na daftari?

Najua kuna atakayesema ninawapamba mapadre. Hapana. Mei 2009 tume iliyoongozwa na Jaji Sean Ryan nchini Ireland ilitoa ripoti kuhusu taasisi za watoto zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa ya Kikatoliki. Ikakuta kwamba katika taasisi za wavulana udhalilishaji wa kingono ulikuwa umeota mizizi, na kipigo kilikuwa cha kila siku. Walezi walivaa misalaba. Waliokuwa na fimbo, chakula, kitanda na dini ya mtoto walikuwa ni watu walewale, na mlalamikaji hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Ripoti ile inanithibitishia hoja yangu: kanzu haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni kuwepo kwa mtu wa pili, asiye chini ya yule wa kwanza.

Mimi nilisoma bweni, shule ya wavulana, jina naliacha. Mwalimu wa nidhamu ndiye alikuwa pia mwalimu wa ushauri nasaha. Ofisi moja, meza moja, fimbo imeegemezwa ukutani nyuma ya kiti. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake likizo ya Desemba. Aliporudi akawa halali, haongei, namba darasani ikashuka kutoka 5 hadi 60 na kitu. Akaanza kukosa prepo. Akaitwa ofisini mara tatu, mara zote tatu akatoka anashikilia makalio. Kidato cha tatu muhula wa pili hakurudi. Kwenye rejista aliandikwa mtoro. Ndilo neno pekee ambalo shule ilikuwa nalo kwa ajili yake.

Sasa rudini nami Sola. Tangu mpango wa MMES uanze mwaka 2004, sekondari za kata zimefika maeneo ambayo babu zetu wasingeamini, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini anayeishi mbali na shule hupanga chumba, geto, yeye na mwenzake, gunia la mahindi na jiko la mkaa. Jioni hakuna shikome, hakuna padre, hata mwalimu wa zamu hayupo. Kwa wasichana tumeanza angalau kupiga kelele, tunajenga hosteli, na ni sawa kabisa. Mvulana tunasema ni mwanaume, atajijua.

Wapo watakaonijibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa. Sijasema asirudiwe. Seminari hazikuwahi kuwa mahali pa kudekeza, ukichelewa kengele unajua kitakachokupata. Ninachosema ni kwamba aliyemrudi asiwe ndiye peke yake wa kumfuta machozi.

Serikali sasa imeanzisha madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni, na shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha. Jina lipo, ni hatua. Tunachopaswa kuangalia ni nani amekalishwa pale. Tukiiga jambo moja tu kutoka kwa zile shule za zamani, liwe lile la kanuni ya 1361, na halihitaji dini wala bajeti. Mwalimu wa ushauri asishike fimbo. Asikae kwenye kikao cha kumjadili mwanafunzi aliyemsikiliza kwa siri, isipokuwa maisha ya mtoto yako hatarini. Na geto zinazozunguka shule ziwe na mzee mmoja wa mtaa anayezijua, awe mwalimu mstaafu, shehe, katekista au mama muuza maandazi, anayeweza kugonga jioni na kuuliza mmekula nini.

Wewe uliyesoma bweni, uwe Mkatoliki au la, jiulize: ulikuwa na nani? Kama jina linakujia haraka, una bahati, mpigie simu umshukuru. Kama hakuna jina linalokuja, basi unajua nazungumzia nini.